Ua la Usambara na Makao Yake

Tunapotaja utamaduni wa taifa, mara nyingi fikra zetu huelekea kwenye ngoma, nyimbo, mavazi, mapishi na hadithi za wazee. Hayo yote ni utamaduni, wala hakuna awezaye kuyakanusha. Lakini iko sehemu nyingine ya utamaduni ambayo aghalabu huachwa nyuma, nayo ni ujuzi wa watu juu ya nchi yao yenyewe: miti yake, majani yake, mito yake na mawe yake. Babu zetu hawakuyatenganisha mambo hayo. Mganga aliujua mzizi na aliujua wimbo wake. Mhunzi alilijua jiwe na aliujua mwiko wake. Mtoto aliyetumwa kuni alijua ni mti upi uwakao vizuri na ni upi usioguswa. Mtu asiyejua majina ya vitu viotavyo nyuma ya nyumba yake ana ugeni fulani, hata kama kitovu chake kimezikwa hapo hapo.

Katika insha hii tumekusudia kuzungumza juu ya ua moja tu. Ni ua dogo la msituni, lisilozidi sana upana wa sarafu, na asili yake ni milima na pwani yetu pamoja na ya jirani zetu wa Kenya. Huko Ulaya, Marekani na Japani hupandwa katika vyungu vidogo na kuwekwa madirishani, na ni miongoni mwa maua ya nyumbani yajulikanayo zaidi duniani. Waingereza huliita kwa jina lenye maana ya urujuani wa Afrika. Wajerumani huliita urujuani wa Usambara. Huko Marekani wapenzi wake walijiundia chama mwaka 1946, na chama hicho kingali hai. Wana maonyesho yao, majarida yao na mashindano yao, na mshindi hurudi nyumbani na kikombe kama mchezaji wa mpira.

Sasa tumwulize mwanafunzi wa sekondari wa Muheza, Korogwe au Lushoto: je, unalijua ua hili? Tumepata kuuliza swali hilo mara kadhaa katika shughuli zetu za utumishi mkoani Tanga, tena tukiwauliza walimu vilevile. Wachache waliwahi kulisikia. Walioweza kulitambua msituni walikuwa wachache zaidi. Katika baadhi ya maandishi ya Kiswahili limeitwa dughulushi, lakini jina hilo halijaenea mashuleni. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Ua hili limecheza ugenini likatunzwa, na kwao halijaulizwa hata jina.

Basi na tuanze kwa kulitambua, kwa kuwa huwezi kukitunza kitu usichokijua.

Jambo la kwanza la kutazama ni majani. Mmea huu ni wa kudumu. Haufi baada ya msimu mmoja kama mchicha, bali huishi miaka mingi ukiwa mahali pamoja. Kwa kawaida hauna shina la kuonekana. Majani yake hutoka katika kitovu kimoja na kujipanga duara, kila jani juu ya kikonyo chake, hata mmea mzima ukafanana na sahani iliyobandikwa juu ya jiwe. Jani lenyewe ni nene na lina maji ndani, umbo lake ni la mviringo au la yai, na juu yake kuna nywele laini kama malaika ya mkononi. Ukilitazama huku mwanga ukitoka upande, utaziona nywele hizo ziking'aa. Ziko pia aina chache ambazo shina lake hurefuka na kutambaa juu ya mwamba, kama ile ionekanayo Amani. Hivyo kukosa umbo la sahani pekee hakutoshi kuukataa mmea.

Jambo la pili ni ua lenyewe. Rangi yake ya msituni ni urujuani, yaani buluu iliyochanganyika na zambarau, mara nyingine iliyokoza na mara nyingine iliyofifia. Maua meupe, ya waridi, yenye madoa au yenye marinda tuyaonayo katika picha ni kazi ya wakulima wa ng'ambo walioyachagua na kuyazalisha kwa miaka mingi. Ua la asili lina petali tano zilizoungana chini: mbili za juu ni ndogo, na tatu za chini ni kubwa zaidi. Katikati vipo vifuko viwili vya chavua vya rangi ya manjano, vimeshikana kama vidole viwili. Kando yake hutoka kijiti chembamba cha kike, ambacho katika ua moja huelekea kulia na katika ua jingine huelekea kushoto.

Vifuko hivyo vya manjano vina siri yake. Havifunguki wazi na kumwaga chavua ovyo, ila vina tundu dogo tu. Nyuki aifaaye kazi hii hulikumbatia ua, kisha huutetemesha mwili wake kwa mvumo, na chavua hutoka kwa kutikiswa kama unga utokavyo katika chekecheo. Nyuki hapati asali hapo. Malipo yake ni chavua yenyewe, na sehemu yake huipeleka kwenye ua jingine. Mwalimu wa baiolojia atafutaye mfano wa uchavushaji asisafiri mpaka katika vitabu vya Ulaya. Mfano uko Muheza.

Jambo la tatu ni kulitofautisha ua hili na mengine yanayoota katika kivuli hicho hicho. Pembezoni mwa njia za msitu utaona mmea wenye shina laini la majimaji na maua bapa ya waridi au zambarau, ambao wataalamu huuita Impatiens. Ligeuze ua lake utazame nyuma: utaona mkia mwembamba uliopinda. Tena tunda lake likikomaa hupasuka kwa kuguswa tu. Ua letu halina mkia huo. Urujuani halisi nao, ule wa nchi za baridi na wa vilele vyetu virefu, una kifuko nyuma ya ua, na ukoo wake ni mwingine kabisa. Kufanana kwa rangi kumewapa jina moja, lakini hakujawafanya ndugu. Ndugu wa kweli wa ua letu ni mimea iitwayo Streptocarpus, ambayo nayo huota katika misitu yetu. Mingi kati yake ina maua yenye mrija mrefu na matunda membamba yaliyosokotwa kama kamba. Tunda la ua letu kwa kawaida halisokotwi, nalo limejaa mbegu ndogo mithili ya vumbi.

Jambo la nne, na kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote, ni makao. Anayetaka kulipata ua hili asitembee akitazama chini njiani. Na atafute kwanza kivuli, kisha mwamba, kisha unyevu. Hupenda kuta za mawe zilizosimama karibu na vijito, mabonde membamba yasiyopigwa na jua la mchana, na nyufa zenye udongo kidogo uliokusanyika kwa miaka. Sakafu ya msitu hufunikwa na majani makavu yaangukayo kila siku, na mmea mdogo kama huu ungezikwa upesi. Mwamba uliosimama hauhifadhi majani hayo, kwa hiyo mmea hupata nafasi ya kupumua.

Wengine hudhani kwamba ua hili ni la milima mirefu tu. Hapana. Hupatikana karibu na usawa wa bahari, katika mawe ya chokaa ya sehemu za Tanga, na hupatikana milimani kwenye baridi na ukungu. Wako wa Usambara Mashariki na wa Usambara Magharibi, wako wa Nguru na Uluguru, na kwa upande wa Kenya wako wa Mbololo katika vilima vya Taita na wa mawe ya chokaa ya Kaloleni. Aina nyingine haziishi ila katika mlima mmoja au bonde moja, wala hazionekani mahali pengine popote ulimwenguni. Wataalamu walipozipa majina waliyatumia majina ya mahali petu: Amani, Magunga, Tongwe, Shume, Taita. Mwanafunzi akilisoma jina la kisayansi kwa makini atakiona kijiji chake kimejificha humo ndani kwa mavazi ya Kilatini.

Milima hii tuliyoitaja ni sehemu ya mfululizo uitwao Tao la Mashariki, uanziao Taita na kushuka hadi Udzungwa. Mawe yake ni ya kale sana, na misitu yake imekuwa ikipata mvua kutoka Bahari ya Hindi kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambazo sehemu nyingi za Afrika zilikauka. Kila mlima ulibaki kama kisiwa chenye unyevu katikati ya nyika kavu. Viumbe vilivyokuwa juu ya kila kisiwa vikazaliana peke yao na kupata sura zao. Ndiyo sababu mlima mmoja una ua ambalo jirani yake hana.

Sisi tulipata bahati ya kuliona ua hili katika makao yake mwaka 1998, tulipotumwa Amani kikazi. Mwaka uliotangulia, 1997, msitu huo ulikuwa umetangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Gari lilipanda kutoka Muheza kwa kona nyingi, likapita Sigi, likapita mashamba ya chai, mpaka tukafika kwenye majengo ya zamani ya kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Shughuli ya ofisi ilipokwisha, tukakabidhiwa kwa mzee mmoja aliyekuwa amefanya kazi katika vitalu vya miti tangu ujana wake.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mnataka kuona miti ya Mjerumani?”

Tukamjibu kuwa miti ya Mjerumani tungeiona siku nyingine, na kwamba siku ile tulitaka kuona kitu cha hapa. Akacheka kidogo, akatangulia. Tukashuka katika njia nyembamba yenye utelezi mpaka tukausikia mto kabla ya kuuona. Hapo akasimama mbele ya jiwe kubwa lililolowa, akanyosha fimbo yake pasipo kuligusa. Mwanzoni hatukuona chochote ila ubichi wa kijani. Macho yalipozoea kiza, tukayaona majani ya duara yakiwa yamelishika jiwe, na juu yake maua matano au sita ya buluu, madogo, yametulia.

“Hili halitaki jua, wala halitaki kukanyagwa,” mzee alisema. Kisha akauonyesha mti mkubwa ng'ambo ya kijito, ambao matawi yake yalilifunika bonde lote. “Ukiukata mti ule pale, hili hujaligusa. Lakini litakufa.”

Tukamwuliza kama ni kweli tuliyoyasikia, kwamba jani moja likichomekwa katika udongo wenye unyevu huota na kuwa mmea mpya.

“Ni kweli. Na ndiyo shida yake. Kila ajaye hapa hudhani kwamba jani moja si kitu. Wakija watu mia, jiwe linabaki jiwe.”

Hatukuchukua jani. Kurudi juu tulikwenda kimya, kwa kuwa mlima ulikuwa mkali na pia kwa kuwa maneno yale yalikuwa yametuingia. Tangu siku hiyo tumekuwa tukisoma kila tulichoweza kukipata juu ya ua hili, na katika kusoma huko tumekutana na jambo ambalo mpenzi wa Kiswahili hawezi kulipita bila kusimama.

Jambo lenyewe ni hili. Ua hili lilipelekwa Ulaya zaidi ya mara moja. Mwaka 1884 Sir John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja na mjuzi wa mimea, alipeleka mfano wake kwenye bustani ya Kew karibu na London. Mwaka 1887 mfano mwingine ulipelekwa na mmisionari W. E. Taylor kutoka sehemu za Kenya. Mifano hiyo haikutosha kuutangaza mmea mpya. Ndipo mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga katika utawala wa Wajerumani, alipoupata mmea huu katika sehemu za Tanga na Usambara. Mbegu zikapelekwa kwa baba yake Ujerumani, na kutoka huko mimea ikamfikia Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya Herrenhausen mjini Hanover. Wendland ndiye aliyeupa mmea jina la kisayansi mwaka 1893: Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza ni heshima kwa mkuu wa wilaya na baba yake. Sehemu ya pili yaeleza kwamba maua yake yafanana na urujuani.

Sasa tuwatazame tena watu hao wawili, Taylor na Saint Paul. Taylor ndiye yule yule aliyekusanya methali za Waswahili na kuzichapisha mwaka 1891, na ndiye aliyeyakusanya mashairi ya Muyaka wa Mombasa. Saint Paul naye aliandika kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili, kilichotoka Berlin mwaka 1890. Kumbe watu walioliona ua hili walikuwa watu wa lugha! Waliketi na wazee wetu, wakauliza maana ya neno hili na matumizi ya neno lile, wakaandika. Katika kazi ya mashairi Taylor alisaidiwa na Mwalimu Sikujua, mjuzi wa Mombasa, na jina la mwalimu huyo limebaki katika historia ya fasihi yetu. Bila shaka kazi hiyo ilituachia hazina, nasi hatuna haja ya kuikana.

Lakini katika jina la ua hakuna alama ya mtu wa hapa. Mkuu wa wilaya hakuzaliwa akizijua njia za misitu ya Usambara. Tangu enzi za kale Wasambaa na Wabondei wamezijua njia hizo, wamezitumia dawa za miti ile na wamekunywa maji ya vijito vile. Jina la ua lilitoka kwa aliyelipeleka, likaandikwa kitabuni, likarudi kwetu likiwa na vumbi la safari. Methali zetu zilikwenda Ulaya kwa sauti yetu. Ua letu lilikwenda bila neno.

Baada ya hapo mali ilifuata jina. Mwaka huo huo wa 1893 ua lilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya maua mjini Ghent, nchini Ubelgiji, likawashangaza wengi. Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary ya Erfurt ikaanza kulieneza. Katika miaka ya 1920 wakulima wa Los Angeles walizalisha aina za kwanza zilizopendwa sana Marekani, na kutoka hapo biashara ikakua mpaka ikafika ilipofika leo. Wakati huo hapakuwa na sheria ya mataifa iliyouliza mmea umetoka wapi, wala ni nani anayestahili fungu. Mkataba wa kimataifa uhusuo viumbe hai na mgawanyo wa faida zake ulitiwa sahihi mwaka 1992, karibu miaka mia baada ya ua kuondoka.

Wala wanafunzi wasidhani kwamba majina ya kisayansi ni msumari uliopigwa ukutani. Kwa muda mrefu wataalamu walizihesabu aina za ua hili kuwa ishirini hivi. Baadaye walizichunguza upya, wakaziunganisha nyingi, na sasa hesabu yao iko chini ya hapo kwa kiasi kikubwa. Tena mwaka 2015, baada ya kuchunguza asili zake kwa njia za kisasa, waliliingiza ua hili ndani ya ukoo mmoja na wale ndugu zake wenye matunda yaliyosokotwa. Leo jina lake rasmi katika vitabu ni Streptocarpus ionanthus, na Saintpaulia limebaki jina la tawi ndani ya ukoo huo. Majina ya wataalamu hubadilika kadiri elimu inavyosonga mbele, nasi hatuna ugomvi na hilo. Kitu ambacho hakikubadilika katika muda wote huo ni makao: kivuli, mwamba na unyevu.

Na hayo makao ndiyo yaliyo hatarini. Katika miaka ya 1970 na 1980 msitu wa Usambara Mashariki ulikatwa mbao kwa mashine, na magogo yakashushwa milimani kwa wingi kabla ya kazi hiyo kusimamishwa. Penye mwanya wa jua uliofunguka paliingia mti mgeni, Maesopsis, uitwao musizi kule Uganda, ulioletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20 na kuenea upesi mahali palipokatwa. Chini ya miti mikubwa watu walifyeka mimea midogo ili wapande iliki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wa dhahabu walivipindua vijito kwa sururu. Katika mawe ya chokaa ya pwani, moto na mashamba yamekula vipande vya msitu vilivyosalia. Hatusemi haya kwa kuwadharau wakulima, maana mwenye njaa hali maua. Tunayasema ili ieleweke kwamba ua hili, ambalo mamilioni yake yako madirishani kote duniani, katika hali yake ya asili limo katika orodha za mimea iliyo hatarini kutoweka.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa yako mengi ng'ambo, hasara iko wapi? Hasara ni mbili. Kwanza, yale ya madirishani yametoka katika mimea michache tu. Zile aina za bonde moja moja, zenye uwezo wao wa kustahimili ukame wa pwani au baridi ya milimani, zikitoweka hazitarudishwa na bustani yoyote. Pili, ua hili ni kipimo. Likikauka juu ya mwamba, latuambia kwamba kivuli kimekwenda, na kivuli kikienda, maji hufuata. Mto Sigi huteremka kutoka misitu hii hadi kwenye bwawa la Mabayani, na maji yake ndiyo yanywewayo na mji wa Tanga. Mama wa Ngamiani afunguaye bomba asubuhi anayapokea maji yaliyopita chini ya mwamba ule. Huenda hatalipanda ua katika maisha yake, lakini ndoo yake inalitegemea jambo lile lile ambalo ua linalitegemea.

Usiku mmoja, tukiyawaza hayo, tuliandika ubeti huu:

Ua limeshika mwamba, kivulini mwa milima,
Kwa umande lajipamba, rangi yake ya heshima,
Walio mbali hutamba, kwa kulipanda daima,
Sisi tulio na shamba, jina hatujalisema.

Basi tuna neno kwa walimu na wanafunzi, ambao ndio tuliowakusudia tangu mwanzo.

Kwa mwalimu wa baiolojia tunasema: unapofundisha makundi ya mimea, anza na mimea ya wilaya yako. Kama uko Muheza, Korogwe au Lushoto, wapeleke wanafunzi msituni kwa kibali cha wahusika wa hifadhi, tena wakiongozana na mwenyeji aujuaye msitu. Wachukue daftari na kalamu tu. Kila mmoja achore jani, ua na jiwe vilivyo pamoja; aandike upande ambao jua hutokea, umbali wa kijito, na aina ya miti iliyo juu. Mchoro wa ua pekee, bila mwamba wake na kivuli chake, upewe nusu ya maksi. Mwanafunzi atakayechuma apewe sifuri, naye aelezwe sababu.

Kwa mwalimu wa Kiswahili tunasema: watume wanafunzi kwa bibi na babu zao wakaulize majina. Jani hili mwaliitaje? Liliwafaa kwa nini? Lilikuwa na mwiko gani? Waandike kila jina kwa lugha ya nyumbani na kijiji lilikopatikana, wala wasione haya kijiji kimoja kikiwa na jina tofauti na cha pili. Lugha yetu ya taifa imekua kwa kuchota maneno katika visima vingi, na bado ina nafasi. Kama dughulushi litaonekana kuwa ndilo jina linalofaa, na litumike mashuleni na magazetini mpaka lizoeleke. Kama wazee wa Usambara wana jina lililo bora, na liletwe. Wazee wanaondoka mmoja mmoja, na kila aondokaye huenda na majina yake.

Kwa mwanafunzi tunasema: ukilikuta ua hili mwambani, simama. Hesabu petali zake tano, tazama vifuko viwili vya manjano, geuza shingo uone kama lina mkia au halina. Kisha inua macho uutazame mti unaolifunika, usikilize maji yaliko. Ukiweza kuvieleza hivyo vyote kwa Kiswahili safi kwa mdogo wako aliyebaki nyumbani, utakuwa umelijua ua la nchi yako. Na siku atakapokuja mtu na shoka kuutaka mti ule, utakuwa na la kumwambia.